Pampu ya kupimia presha ya rejeta: tathmini kwa gari lililolala na kukutwa na maji kwenye oili

Gari limekaa juu ya mawe miezi mingi. Unafungua kifuniko cha oili, unakuta ute mweupe kama mtindi. Je, ni jasho la injini tu, au gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa? Kwa macho peke yake huwezi kujua, na hapo ndipo pampu ya mkono ya kupimia presha ya mfumo wa maji, inayosukuma hewa kwenye rejeta ili uone kama presha inashikilia, inapostahili nafasi kwenye sanduku la vifaa. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye adapta, kipande kinachofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, tutafika huko.

Kabla ya kutoa hela yoyote, angalia ya bure. Ute ukiwa chini ya kifuniko tu, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikatoka safi na kulanti (maji ya kupozea injini) haijapungua, kuna uwezekano mkubwa ni unyevu. Injini iliyolala huvuta hewa mchana na usiku joto linapobadilika, na mvuke wake unageuka maji kwenye chuma baridi. Isitoshe, kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, na sehemu ndogo hupenya kwenye ringi za pistoni. Kama safari za mwisho zilikuwa fupi, oili haikupata moto wa kutosha kuyafukuza. Lakini dipstiki nzima ikiwa rangi ya chai ya maziwa, au kimo cha oili kimepanda kupita alama ya juu, hilo si jasho tena.

Dipstiki nayo hudanganya, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hutulia chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini ikiwa bado haijawashwa, legeza nati ya sampu taratibu na kinga nusu kikombe cha kwanza kwenye chupa angavu. Yakitangulia maji yenye rangi ya kulanti, usiguse swichi. Toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye pule ya krenki, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini. Silinda iliyojaa maji inaweza kupinda koneti rodi kwa mzunguko mmoja wa stata, kwa sababu maji hayabanwi.

Sasa pampu yenyewe. Seti nzuri ina geji inayoishia karibu bar 2.5 na yenye alama kila 0.1. Hili ni la msingi: geji yenye mizani mirefu na mshale mnene haikuonyeshi upungufu wa bar 0.1, na huo ndio unaoutafuta. Hozi iwe na valvu ya kuachia presha kabla ya kuifungua. Adapta ndizo tatizo la seti nyingi. Nyuzi za plastiki huvaa upesi, na oringi ikikauka inavujisha hewa, ukamaliza siku unaituhumu injini isiyo na hatia. Kwa hiyo kabla ya kila kipimo, ziba mdomo wa adapta, pampu, na ungoje dakika kumi. Mshale ukishuka, mgonjwa ni kifaa.

Wengi hukosea hatua inayofuata. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza kulanti mpaka juu kabisa ndipo ufunge adapta. Nafasi ya hewa ikiwa kubwa, hewa hiyo hufanya kazi kama springi: kijiko cha maji kinapotea na mshale hautikisiki. Ikiwa ndogo, kijiko hichohicho kinaonekana. Soma presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, kwa kawaida kati ya bar 0.9 na 1.4, pampu hadi hapo na usizidishe, maana matenki ya plastiki ya zamani hupasuka. Gari likae mbali na jua wakati unangoja, kwa kuwa joto hupandisha presha na kuficha uvujaji.

Ngoja dakika 20. Presha ikishuka, tafuta nje kwanza: hozi, pampu ya maji, rejeta, na zulia la mbele ndani ya gari, kwa sababu rejeta ya hita huvuja huko. Nje kukiwa kukavu, maji yanaingia ndani. Chunguza silinda kupitia matundu ya plagi. Mashaka yakibaki, iache na presha usiku kucha, kisha asubuhi legeza tena nati ya sampu. Usisahau oili kula (kipozeo cha oili) inayopozwa kwa maji: injini ikiwaka, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili huingia kwenye rejeta, ikizimwa, maji yenye presha hurudi kwenye oili. Injini nyingi zimefunguliwa silinda hedi bure kwa kosa la kipande hiki kidogo.

Udhaifu wake mkubwa ni ufa unaofunguka kwenye joto tu. Huo unaweza kupita kipimo cha baridi bila kuonekana.

Kile kichupa cha maji ya bluu yanayogeuka njano kinatangazwa kama jibu la kila kitu. Kwa tatizo hili tunakipa nyota mbili. Kinanusa kaboni dayoksaidi iliyoingia kwenye rejeta kutoka kwenye silinda. Gasketi iliyokatika kati ya njia ya oili na njia ya maji haipitishi gesi hiyo, hivyo rangi inabaki bluu na wewe unafarijika bure. Vilevile kinahitaji injini iwake hadi ipate moto, jambo usilotaka kufanya na oili yenye maji.

Sahani ya moto ni rahisi na ya kweli: tone la oili kwenye chuma cha nyuzi joto 160, huku umevaa miwani. Vipovu vidogo vya nusu milimita vinavyopotea haraka huashiria maji ya takriban asilimia 0.05 hadi 0.1, mchemko wenye mlio ni asilimia 0.2 au zaidi. Kipimo hiki hakikuambii maji yametoka wapi. Hilo linajibiwa na maabara: maji huchemka na kuondoka, lakini sodiamu na potasiamu za kulanti hubaki kwenye oili. Peleka na sampuli ya oili mpya ya aina hiyohiyo, kwa kuwa baadhi zina sodiamu tangu kiwandani. Kama rejeta ilijazwa maji matupu, majibu hayo hayatasaidia sana.

Pampu ikishikilia presha, mwaga oili, badilisha na filta, kisha endesha gari zaidi ya nusu saa ili oili ifike nyuzi 90 au zaidi. Kurudi kwa ute baada ya hapo ni sababu ya kupima upya, safari hii ukifunga adapta mara tu injini inapopoa kiasi cha kufungua kifuniko bila kuungua.