Mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi ya serikali hapa Mbagala

Binti yangu aliingia darasa la pili akikariri picha za kitabu, herufi hazijui. Wiki ya tatu tu mwalimu wake akanipigia simu jioni, akaniomba nifike shuleni. Hakumsema mtoto mbele yangu. Alifungua daftari, akanionyesha anavyochanganya b na d, akanipa kadi za silabi tufanye dakika 10 kila usiku. Darasa lina watoto 92, madawati hayatoshi, na bado alijua kwamba nikiwa zamu ya usiku mtoto analala kwa bibi yake!

Vikao vya wazazi ndivyo vinaniumiza: saa nne asubuhi, siku ya kazi. Sisi wa viwandani tunavikosa.

Sasa binti anamsomea bibi vichwa vya habari gazetini.