Uzoefu wangu: seti ya ovahoo ya injini ya Massey Ferguson 135

Nimefunga seti hii, yaani boksi la spea za kufufua injini iliyochoka, kwenye trekta mbili za 135. Moja inalima kwa plau, nyingine inavuta trela la mawe na maji. Kwenye boksi hakuna jina la Perkins, waliounda injini, wala la Massey. Ni ile ambayo ukiulizia Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya spea za trekta Arusha unaambiwa "hii ndiyo inayokwenda". Niseme mapema: layna (silinda za kuvishwa ndani ya bloku), pistoni na metali (bearing za kranki, shafti kuu ya injini) zake ni nzuri kwa bei yake, gaskiti ni za wastani, na kuna vitu vitatu vya kuweka pembeni, usivifunge, kabla hujafungua hata nati moja.

Usiende dukani ukisema "ya 135" halafu ukanyamaza. Trekta hizi zilianza kutoka kiwanda cha Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na nyingi zimeshabadilishwa injini njiani. Boneti inaweza kuwa ya 135 huku chini yake kumelala injini ya modeli nyingine, 35X au 240. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku upande wa pampu ya dizeli. Ikianza na 152UA, hiyo ni Perkins AD3.152: silinda 3, kipenyo cha silinda mm 91.4, mwendo wa pistoni mm 127, lita 2.5. Ndugu zake wanafanana nayo kwa nje, lakini ndani wanatofautiana oili sili ya nyuma, idadi ya ringi na umbo la kichwa cha pistoni. Pistoni za mwanzo zina ringi 5, ya 5 ikikaa chini ya pini ya pistoni. Za baadaye zina chache. Tena baadhi ya injini za zamani za familia hii zilikuwa na layna nyembamba za kromu, na ringi ya kromu haiwekwi kwenye layna ya kromu, zitalana. Peleka pistoni ya zamani mkononi, zilinganishwe juu ya kaunta.

Kosa linalogharimu watu wengi ni kununua seti kwanza, kupima kranki baadaye. Seti huja na metali za STD (saizi ya kiwandani) usipotamka vinginevyo. Ondoa metali moja ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), igeuze, soma mgongoni: ukiona 010 au 020 (yaani inchi 0.010 au 0.020 zilizopunguzwa), kranki imeshachongwa zamani. Usiishie hapo, maana kuna mafundi waliofunga kilichopatikana. Chukua maikromita: shingo za konrodi (sehemu za kranki zinazokaa ndani ya metali) zikiwa STD zinasoma mm 57.11 hadi 57.12, na zile kubwa za bloku mm 69.81 hadi 69.82. Pima kila shingo mara mbili kwa msalaba. Ikiwa upande mmoja unasoma pungufu kuliko mwingine, shingo imekuwa yai, na metali mpya juu ya yai zitaanza kugonga msimu haujaisha. Kachonge, ndipo uagize metali za inchi 0.010 au 0.020 kulingana na karakana ilipofikia.

Sasa layna. Zilizomo humu ni za saizi ya mwisho, si zile za kubana kwa presi halafu zichongwe. Sifa hii ndiyo iliyonifanya ninunue seti ya pili, kwa sababu kazi inaweza kufanyika mbali na mashine ya kuchonga silinda. Safisha tundu la bloku hadi kutu yote iishe, paka oili nyepesi kidogo, kisha isukume layna kwa mkono. Mwishoni itahitaji kugongwa polepole kwa ubao. Ikitumbukia yenyewe kama kikombe kwenye ndoo, bloku imelika. Layna hizi ni kavu, hazigusi maji. Joto lake lazima lipite kwenye chuma cha bloku, kwa hiyo isipobana vizuri inapata moto sehemu moja na pistoni inajikwaruza papo hapo. Zangu sita zote zilikaa sawa. Pistoni nilizipima kwa mizani ya jikoni: tofauti kati ya nyepesi na nzito haikufika gramu 10, nikaona yanini kuhangaika, injini yenyewe inazunguka polepole.

Bushi za juu za konrodi zinakuja zikiwa hazijamalizwa ndani. Zinabanwa kwa presi huku tundu la oili la bushi likitazamana na tundu la konrodi, halafu zinatanuliwa kwa rima hadi pini ipite kwa kusukuma kwa kidole gumba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: bushi ikigeuka kidogo tu tundu linaziba, pini inakauka, na mlio wake watu wanaudhania ni wa nozeli.

Vitu vitatu vya kuweka pembeni ni hivi. Cha kwanza ni klipu za pini. Zilikuwa laini, nilizibana kwa koleo, zikarudi nusu tu. Klipu ikichomoka, layna imekwisha. Cha pili ni washa za shaba za nozeli, zilikuwa ngumu na zina ncha kali. Nunua nyingine, na kabla ya kuziweka chokoa tundu utoe ile ya zamani, kwani mara nyingi inabaki chini. Washa mbili zikipandana, nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa na moshi hautaisha hata ubadilishe pampu. Cha tatu ni kamba ya sili ya nyuma ya kranki, iliyokuwa imekatwa fupi.

Kamba hiyo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa oili ikivuja hapo inaishia kwenye krachi, na kuifikia tena maana yake ni kulikata trekta katikati, yaani kutenganisha injini na giaboksi. Nyumba ya sili ni vipande viwili, kila kimoja na kamba yake. Bana nusu ya nyumba kwenye jiliwa, laza kamba kwenye mfereji kuanzia ncha zote mbili, inchi moja moja, halafu bonyeza sehemu ya katikati iliyobaki imetuna. Ukianza upande mmoja ukaishia mwingine, kamba inavutika na kuacha pengo. Pitisha kitu cha duara laini, kama mpini wa nyundo, ukiviringisha na kukandamiza. Ncha ziache zichomoze inchi 0.010 hadi 0.020 juu ya uso wa kiungo, paka grisi ya grafaiti, funga. Baada ya hapo kranki itakuwa nzito kuzungusha kwa mkono; hiyo ni kawaida. Isipozunguka kabisa, fungua.

Washa za kuzuia kranki isicheze mbele na nyuma hazikuwemo kwenye boksi langu la kwanza. La pili lilikuwa nazo. Hesabu kila kitu mbele ya muuzaji.

Kati ya gaskiti, ya hedi ndiyo nzuri. Kaza nati kwa hatua tatu, ukianzia katikati kwenda nje, hadi futi-pauni 55 hadi 60. Nafasi ya tapeti za valvu ni inchi 0.012 injini ikiwa baridi, kwa intake na eksozi sawa. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kwenye kubana, rekebisha zote mbili za silinda 1, eksozi ya 2 na intake ya 3. Zungusha kranki duara moja kamili, malizia intake ya 2 na eksozi ya 3. Injini ikishapata moto na kupoa, rudia kukaza hedi na kupima tapeti, halafu tena kati ya saa 25 na 50, sambamba na kubadilisha oili na filta. Inaingia oili kama lita 7.

Kuna malalamiko kwamba "seti hizi zinakula oili". Mara nyingi tatizo ni trekta kuachwa isailensi (ikiunguruma polepole imesimama) kutwa nzima eti ringi zizoee. Bila mzigo ringi hazisukumwi vya kutosha kwenye ukuta wa layna. Layna inang'aa kama kioo na oili inapanda. Ipashe moto, kisha ipe kazi ya wastani siku ya kwanza, trela nusu au kulima kina kifupi, ukipandisha na kushusha mwendo. Ya kwanza niliifanyia hivyo na oili haishuki kati ya servisi. Briza (tundu la kupumulia la injini) ikipumua moshi mzito baada ya saa 50 za kazi, ndipo uishuku seti.

Jambo moja la ununuzi: nati na bolti za injini hii ni za inchi, nyuzi za UNF na UNC. Bolti ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili na kukupa matumaini, kisha inakata nyuzi za bloku. Stadi (bolti zisizo na kichwa) zilizotumika nazipata kwa wauza trekta za kukatwa, yaani zilizofumuliwa kuuzwa spea, nachagua zenye nyuzi safi, bei ndogo na chuma bora kuliko stadi mpya za dukani. Kranki ikiwa imeshafika 0.030 na bado ni yai, usinunue seti yoyote. Tafuta kwanza kranki hukohuko kwenye za kukatwa, na uende na maikromita yako mwenyewe.