Dumu langu la dawa ya majani, misimu mitatu stoo, na yule kijana wa dukani

Duka la dawa za shamba nalipatia nyota moja, na hiyo moja ni ya benchi lililoko nje ya duka, maana nililikalia miguu ikinitetemeka kwa hasira. Kama kuna namna ya kutoa nusu, mtu anionyeshe.

Kisa ni dawa ya kuua majani. Glaifoseti, ile ya kupiga kabla ya kupanda, isiyochagua, inaua kila chenye ubichi. Nilinunua dumu la lita tano mwaka ule mvua zilipochelewa, nikatumia zaidi ya nusu, zikabaki kama lita mbili. Halafu nikawa nauguza, halafu shamba nikalikodisha, dumu likasahaulika stoo juu ya kichanja, nyuma ya magunia matupu. Misimu mitatu. Mwanangu anasema minne, lakini yeye hata umri wake hukosea.

Nilipolishusha lilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Lebo panya wameila upande mmoja, wakaniachia upande wa maelekezo na tarehe. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita, tena zamani. Nikavaa glavu, nikafungua, nikachungulia. Rangi ileile ya chai ya rangi iliyozidi maji, hakuna mabonge, hakuna utando, hakuna mchanga chini. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya atrazini, ile ya kwenye mahindi, na hiyo ndiyo ilikuwa kiroja: naitikisa, haitikisiki. Chini imeganda kama ukoko, juu yamebaki maji matupu. Hiyo sikuhitaji kumuuliza mtu.

Ila dumu lilinitia mashaka. Lita mbili ni hela. Nikasema niende dukani nikawaulize wenye taaluma yao.

Wenye taaluma!

Duka silitaji. Palikuwa na watu watano, sita, wengine nasali nao. Kijana wa kaunta amekaa, simu mkononi. Nikaweka dumu mbele yake, nikasema, "Mwanangu, hii imepita tarehe. Bado inafaa au niachane nayo?" Hakuinuka. Hakuligusa dumu. Hakusoma hata hiyo nusu lebo niliyoachiwa na panya. Akanitazama, akawatazama wale wengine, akasema:

"Mama, dawa ni kama ulanzi. Ikikaa inakolea."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Kwa msiotoka huku Iringa, ulanzi ni pombe ya mianzi: wa asubuhi mtamu kama juisi, ukilala siku mbili unakulaza mtaroni. Kama utani ni utani mzuri, sikatai. Angeutoa kilabuni ningemnunulia lita. Lakini mtu amekuletea sumu mezani, anakuuliza swali, wewe unamfanya kichekesho?

Nikiwa bado nacheka kicheko changu cha aibu akaongeza, "Au sema tu mama kama hela ya mpya huna, tukukopeshe."

Hapo nikanyamaza. Nikafungua kitambaa, nikatoa hela, nikanunua lita moja mpya, dawa ileile kiwanda kingine. Sikuihitaji. Nilinunua ili wale watu waone natoa hela.

Sasa kwa kuwa ninazo mbili, nikasema nitazipambanisha. Shamba langu la juu ni heka moja. Nikaligawa: upande wa mparachichi dawa ya dumu, upande wa barabara dawa mpya. Bomba la mgongoni la lita 16, mililita 150 kila bomba, mabomba sita kila upande. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majani yamechipua vizuri, ndago na sangari vimejaa, ndivyo dawa hii inavyotaka maana inaingilia kwenye jani bichi kwenda mizizini. Upande wa mparachichi nilipiga mwenyewe, barakoa usoni, buti miguuni. (Najua habari za mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani la IARC lilipoiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Navaa. Msianze.) Upande wa barabara nilimpa kibarua kesho yake, kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa.

Siku ya nane au ya tisa upande wa mparachichi ukaanza njano. Baada ya wiki mbili ulikuwa kama umepitiwa na moto wa chinichini. Ndago, zile nilizozaliwa nikazikuta, zimelala. Kutoka kwenye dumu lililoliwa na panya!

Upande wa barabara, kijani. Wiki mbili, kijani. Ncha za majani zimepauka kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya kisha akasahau. Mbuzi wa jirani walikuwa wanapatamani.

Nikiwa na furaha ile ya hasira nikaitazama vizuri ile chupa mpya. Tarehe haionekani. Kibandiko cha bei kimebandikwa juu yake hasa, na chupa nzima ilikuwa na nafasi! Nikakibandua polepole kwa ukucha, wino ukaondoka nacho. Kwa hiyo mpaka leo sijui. Huenda hiyo mpya ni mkubwa wa dumu langu kwa umri.

Nikarudi dukani na chupa. Safari hii sikusema mwanangu. Nikaeleza yote, nikamwonyesha kibandiko. Nikamuuliza na ile atrazini iliyoganda nifanye nayo nini, kama wanaipokea. Kuhusu atrazini akasema, "Mwaga mtaroni." Kuhusu kibandiko akasema siyo yeye aliyebandika. Na kuhusu shamba akasema, bila kuinua macho kwenye simu:

"Labda hujui kupiga dawa, bibi."

Bibi! Wiki tatu tu zilizopita nilikuwa mama. Ndipo nikatoka nikakaa kwenye lile benchi.

Hadi hapo maoni yangu yangekuwa mafupi: nunueni dawa kuukuu, muogopeni mpya, duka lifungwe. Ningekuwa nimeyaandika siku hiyohiyo ningelala vizuri. Lakini nikakutana na bibi shamba wa kata yetu, binti mdogo, anaanza na shikamoo kabla hajashuka kwenye pikipiki. Nikamsimulia yote na ulanzi ndani yake. Hakucheka. Alisema, "Mama, glaifoseti haiharibiki upesi. Ile miaka miwili ya kwenye lebo ni muda ambao mwenye kiwanda anakubali kulaumiwa. Ikikaa kwenye chombo chake, kivulini, kifuniko kimekazwa, inaishi zaidi ya hapo. Zinazosumbua zikizeeka ni kama hiyo atrazini yako, kwa sababu ile ni unga uliotawanywa kwenye maji, unatuama. Lakini maji ya kupigia upande wa pili mlichota wapi?"

Nikafungua mdomo nikaufunga.

Siku kibarua anapiga, maji ya bombani yalikuwa yamekatika. Akachota kwenye mfereji unaopeleka maji kwenye vinyungu, zile bustani zetu za bondeni. Nilimwona. Nilimwona kabisa, ndoo mbili, maji ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya mvua za juu, na nikasema moyoni afadhali hakwenda mbali.

Bibi shamba akanieleza kwamba udongo wa mfinyanzi unaikamata glaifoseti na kuishikilia. Ndiyo maana inayodondoka ardhini haiui mahindi utakayopanda baadaye. Na ndiyo maana ukiichanganya na maji ya tope, inakamatwa humohumo ndani ya bomba kabla haijaliona jani. Vumbi juu ya majani nalo hufanya hivyohivyo, na upande wangu wa pili ni wa barabara ya vumbi, ingawa mvua ilikuwa imeshaosha.

Nilikwenda mfereji uleule nikachota bilauri moja, nikaiweka dirishani. Nilipomaliza kuchambua mboga, chini kulikuwa na tope la vidole viwili, laini kama uji wa ulezi, na juu yake maji bado yana ukungu. Nikaitazama bilauri ile muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Bado sikutaka kukubali. Chini ya chupa mpya palikuwa pamebaki mililita kama 100. Nikaweka kwenye bomba pamoja na lita kumi za maji ya bombani, nikapiga kona moja, pale kwenye jiwe kubwa. Sehemu yote iliyobaki ya upande wa barabara nikairudia kwa dawa ya dumu, maji safi.

Kona ilikufa. Siku ya kumi ilikuwa njano tupu. Na sehemu ya dumu nayo ikafa.

Kwa hiyo haya, dawa mpya ni nzima, au ni kuukuu nzima, vyovyote. Nyota tatu kwa dawa. Dumu nalipatia nyota tano. Na yule kijana, kwa kusema sijui kupiga dawa, alikuwa amepatia. Hapo ndipo ninapochemka upya! Alipatia bila kuuliza. Swali ni moja tu, la maneno matatu, maji mlichota wapi, na yeye ndiye anayeuza dawa hii kila siku kwa watu wanaochota mfereji uleule. Angeniuliza siku ya kwanza badala ya ulanzi wake, ningeokoa lita moja, kibarua wa siku moja na wiki tatu za kupanda. Majirani mahindi yao yana majani manne, yangu ndiyo yanatokeza. Nyota za duka zinabaki moja.

Na kuna hili la kuhifadhi, nalisema nikiwa bado na moto. Shemeji yangu aliposikia dumu limefanya kazi akaja kuomba kidogo, amebeba chupa ya maji ya kunywa. Nikamfukuza. Kwake nilishaona parakwati, dawa nyingine ya kuua majani, kwenye chupa ya soda, juu ya kabati la vyombo, na wajukuu wanapita chini. Parakwati haina dawa ya kuizimua, funda moja linatosha kumuua mtu mzima, na siyo kifo cha haraka. Akasema basi amiminiwe kwenye debe la bati. Hilo nalo bibi shamba alikuwa ameshanionya: glaifoseti inakula bati lenye zinki na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Akaondoka mikono mitupu, amenuna, na mkewe hanipigii simu.

Ile atrazini sikuimwaga mtaroni. Mtaro wetu unaingia kwenye mfereji, mfereji unaingia kwenye vinyungu, na atrazini husafiri na maji kwa urahisi. Imo kwenye chupa yake, ndani ya ndoo yenye mfuniko, stoo, ufunguo ninao mimi. Bibi shamba amesema ataulizia wilayani inapelekwa wapi. Ni wiki kadhaa sasa, lakini yeye namvumilia.

Dumu limebakiza kama vikombe viwili. Nimeandika juu yake kwa maka mwaka niliodhani nililinunua, mwanangu akafuta akaandika wa kwake, nikafuta nikarudisha wangu.

Jana nozo ya bomba imepasuka. Nimezunguka maduka mawili ya jirani hawana ya saizi hiyo. Wanayo kule kwenye benchi. Jumamosi naenda, na nimeshamwambia mwanangu yeye ndiye ataingia ndani.