Kujitolea Nablus: tathmini ya majuma ya mwanzo katika mpango wa kufundisha Kiingereza

Wengi wanaoulizia mipango ya kujitolea huko Palestina huanza na suala la usalama, na wana haki. Hata hivyo, baada ya majuma yangu ya mwanzo Nablus, kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi, nimeona kwamba kipimo kikubwa cha mpango wa aina hii ni namna unavyozitumia saa za mwalimu, kwa kuwa hapa hakuna kinachopotea upesi kuliko muda.

Safari yenyewe hudhihirisha hilo. Mgeni hupitia ama uwanja wa ndege wa Ben Gurion ama Daraja la Allenby kutoka Jordan, na njia zote mbili husimamiwa na Israel. Mji umelala bondeni kati ya milima ya Gerizim na Ebal, hivyo barabara za kutokea ni chache, na jeshi likifunga kizuizi asubuhi, teksi za pamoja hukaa foleni huku walimu wanaotoka vijijini wakikosa vipindi.

Shirika lililonipokea, ambalo sitalitaja, halina maandalizi ya siku kama hizo. Madarasa huunganishwa ghafla, watoto wa shule ya msingi wakakalishwa pamoja na vijana wa chuo kikuu, na wote hutumia kitabu kimoja. Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba wanaoondoka hawaachi kumbukumbu yoyote. Nilipoanza somo la rangi, watoto walinimalizia sentensi kabla sijafungua kinywa vizuri; bila shaka kila mgeni huanzia hapo, kisha huondoka kabla ya kufika mbali. Kwa ada tunayolipa, daftari moja la makabidhiano si jambo kubwa la kudai.

Upande wa mapokezi, kwa kweli, sina la kulalamikia. Nyumba ni safi, masomo ya Kiarabu cha mazungumzo yanaendeshwa na mwalimu makini, na ziara za Mji Mkongwe zimepangwa kwa busara. Katika kiwanda cha sabuni tulimwona fundi akivipanga vipande vya sabuni ya mafuta ya zeituni kuwa minara mirefu yenye uwazi katikati, ili hewa ipite na vikauke taratibu. Ni ufundi ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2024 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kunafa ya huko, yenye jibini nyeupe chini ya tambi za rangi ya chungwa, huliwa ikiwa moto na shira ikichuruzika, wala siioni sababu ya kuila ikiwa imepoa.

Vipindi vya Balata, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1950 na kubanwa katika eneo la takriban robo ya kilomita ya mraba, ndivyo vyenye manufaa zaidi, kwa sababu huko mratibu ni mkazi wa kambi na anamjua kila mtoto na kiwango chake.

Ningeupendekeza mpango huu kwa mwalimu mwenye uzoefu anayeweza kukaa muhula mzima, si kwa mwanafunzi aliye likizoni. Atakayekwenda kati ya Desemba na Februari abebe koti zito, kwani nyumba za mawe hushika baridi kali na hita ya gesi huwashwa jioni tu.