Sinki la kuogea la chuma: huduma ya wanunuzi wa chuma chakavu, Tanga mjini

Nyota tatu kati ya tano. Moja imekatwa kwa sababu ya mabomba, nyingine kwa sababu ya kifusi.

Nyumba za zamani za Raskazone na Chumbageni bado zina yale masinki marefu ya kuogea, ya mtu kujilaza. Kulijaza mara moja ni kama lita 150, yaani madumu saba na nusu, kwa hiyo ukarabati ukianza ndilo la kwanza kutolewa. Anayeitwa mara nyingi ni mnunuzi wa chuma chakavu, naye hufika na guta au Kirikuu, vijana wanne na nyundo moja. Kwa kubeba, hawana mpinzani. Kwa kufungua mabomba, wasiguse.

Kabla ya kuita mtu, jua sinki lako ni la nini. Sumaku itakuonyesha kama ni plastiki au chuma, basi. Ligonge kwa kifundo cha kidole: la bati hulia kama debe, la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hutoa mdundo mzito, na ukingo wake ni mnene. La bati lina kilo 35 hadi 50, watu wawili wanalitoa. La kusubu huanzia kilo 100 na kupita 150. Hapo wanne ni lazima, na kila mmoja anashika karibu kilo 40 za kitu kisicho na mpini.

Kufungua ni kazi ya fundi bomba, na aje siku moja kabla. Afunge maji kwenye simtanki, maana geti valvu (koki) za zamani huzungushwa hadi mwisho na maji bado yanapita. Nati za trapu, ile kona ya bomba chini ya tundu, huwa zimeshikana kwa kutu, na hewa ya chumvi ya huku haijasaidia. Zipakwe mafuta ya breki jioni, zifunguliwe asubuhi. Spana ziwe mbili: moja inashika bomba, nyingine inazungusha nati. Vijana wa chakavu hutumia moja na nguvu, bomba la chuma linakatikia kwenye uzi wake wa kufungia, ndani ya ukuta, na kazi ya robo saa inakuwa ya kupasua tailizi. Ncha za maji zizibwe kwa plagi za nusu inchi. Tundu la maji machafu lizibwe kwa tambara lililofungwa kamba, na ncha ya kamba ibaki nje. Bila kamba tambara huzama, na vipande vya sinki hulifuata hadi kwenye chemba.

Sinki likiwa limejengewa tofali, msilivute. Chaneni kwanza maungio ya tailizi juu ya ukingo kwa tindo, kisha mbomoe ukuta mdogo wa mbele. Wengi huvuta kwa mtalimbo wakati ukingo bado umeshikwa na saruji, na plasta ya ukuta mzima inakuja nalo.

Sasa, kulitoa zima au kulivunja? Likiwa chini na halijaoza, litoeni zima. Upana wake ni sentimita 70 hadi 75, na milango mingi ya bafuni haifiki hapo, kwa hiyo fungueni miguu ya sinki, lilazeni ubavu, mbao mbili chini yake. Sakafu za teraso hazisamehe: likidondoka pembe moja tu, ufa unabaki. Godoro kuukuu mlangoni linatosha kuzuia hilo. Sinki zima ni hori zuri la maji kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Pongwe au Muheza, na huyo anaweza kukupa zaidi ya bei ya kilo. Muulize kabla ya kuita guta.

Likiwa ghorofani, au ngazi ina kona, livunjeni. Chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka, na hiyo ndiyo bahati. Lifunikeni kwa turubai au blanketi zito, kisha nyundo ya kilo 5 ianzie kwenye ukingo, upande ulio mbali na tundu. Vipande vinane vya takriban kilo 20 vinabebeka. Rangi nyeupe ya juu ni kioo kilichochomwa juu ya chuma, kwa hiyo huruka na hukata. Miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole si mapambo. Barakoa pia, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Timu nyingi huja na kandambili. Wakija hivyo, waambieni wasubiri hadi vifaa vipatikane. La bati msilipige nyundo, litajikunja tu. Likate kwa grainda, na makopo ya rangi na thina yatoke chumbani kwanza.

Kwenye malipo ndipo pana ujanja. Sinki zima halikai kwenye mizani ya kuning'iniza, kwa hiyo utaambiwa, "Bosi, tulikadirie tu." Makadirio hayo hayajawahi kumnufaisha mwenye sinki. Vipande hupimika kimoja kimoja: andika kila kipimo, na angalia kama mizani ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Bei ya kilo ipatanwe kabla nyundo haijainuliwa, kwa sababu sinki likishavunjika huna tena cha kumpa mfugaji.

Kifusi ni patano lake peke yake. Chuma watachukua chote, hata misumari. Tofali, plasta na vipande vya ile rangi ya kioo watakuachia sakafuni. Taja idadi ya magunia wakati wa kupatana, yajazwe nusu tu yasipasuke, na pesa ya mwisho itoke baada ya gunia la mwisho kupanda gari. Kisha mwaga ndoo moja ya maji kwenye tundu, wao wakiwa bado mlangoni. Yakisimama, tambara limebaki ndani.