Waya wa kuzuia bomba lisigande: kabla ya kuuliza urefu, uliza themostati iko wapi

Bomba la jikoni kwangu lilipasuka likiwa limevikwa waya wa joto mpya kabisa. Plagi ilikuwa ndani ya soketi, na soketi ilikuwa na umeme. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza kama niliuwasha. Waya wa aina ile hauwashwi kwa mkono. Una themostati inayoruhusu umeme kupita bomba likipoa hadi nyuzi joto 3 hivi, kisha inaukata likifika karibu 10. Usiku ule waya wangu haukupata moto hata kidogo, na maji nikayasikia mchana uliofuata, barafu ilipoyeyuka na ufa uliokuwa umezibwa nayo ukafunguka nyuma ya ukuta.

Tangu hapo nimenunua nyaya nyingine tatu na kuzipima moja moja. Nimewasikia pia wasomaji waliopatwa na yaleyale, wakalaumiwa kwamba walifunga vibaya. Hawakufunga vibaya. Walifunga jinsi waya ulivyowalazimisha.

Tazama unavyotengenezwa. Themostati, kile kidude kidogo cheusi, mara nyingi iko upande wa plagi, sentimita chache tu kutoka ilipo. Maelekezo yaliyomo ndani ya boksi yanasema themostati ikae kwenye sehemu ya bomba yenye baridi kuliko zote. Sasa jiulize soketi za nyumbani ziko wapi. Ziko ndani, kwenye joto. Yangu iko kabatini chini ya sinki, kwa hiyo themostati ilikaa kwenye kipande cha bomba kisichowahi kupata baridi. Mita tatu mbele, kwenye kona ya ukuta wa nje, maji yakaganda. Themostati haikuwa mbovu. Ilipima pale ilipowekwa, na pale palikuwa na joto.

Kasoro hii ndiyo nimeitumia kupanga orodha yangu ya vifaa vya kulinda mabomba dhidi ya baridi, kuanzia kilicho bora. Urefu utaupima mwenyewe kwa tepu, na miaka ya dhamana imeandikwa kwenye boksi. Ninachotaka kujua mimi ni kimoja: kifaa hiki kitajuaje kwamba sehemu ya mbali imepoa?

Nafasi ya kwanza: waya unaojirekebisha wenyewe

Hapa naipendelea Raychem, hasa waya wao uitwao FrostGuard, na sifichi. Kampuni hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1957, na ndiyo iliyoleta sokoni nyaya za namna hii katika miaka ya 1970. Ndani yake mna nyuzi mbili za shaba zilizozungukwa na plastiki iliyochanganywa na kaboni. Plastiki ikipoa inasinyaa, chembe za kaboni zinagusana, umeme unapata njia nyingi za kuvuka kutoka uzi mmoja hadi wa pili, na joto linaongezeka. Ikipata joto inatanuka, njia zinakatika, na waya unapunguza kazi.

Kinachonifurahisha ni kwamba hayo yanatokea kila mahali kivyake. Kipande kilicho kabatini kinatulia huku kipande cha kwenye kona kikifanya kazi kwa nguvu, saa ileile, kwenye waya uleule. Hakuna themostati moja inayoamua kwa niaba ya mita kumi. Ukipishana juu ya wenyewe haujiunguzi, kwa hiyo valvu na elbo, yaani viungo vya kona, zinazungushwa bila hofu.

Una gharama yake. Waya wa namna hii usio na themostati hauzimiki kabisa, unapunguza tu. FrostGuard inatoa takriban wati 10 kwa kila mita bomba likiwa kwenye nyuzi 5, yaani mita 10 zinakula wati 100, sawa na yuniti 2.4 kwa siku nzima ya baridi ya kiwango hicho. Wanaotaka kuokoa umeme wanaongeza themostati ya pembeni. Ukifanya hivyo, chagua yenye kihisi kilicho mwishoni mwa waya wake mrefu, ukifikishe hadi kwenye kona ya baridi, vinginevyo utakuwa umenunua tena tatizo langu. Ukishindwa kuelewa, chomoa tu msimu wa baridi ukiisha.

Nafasi ya pili: sponji nene ya mpira

Armaflex ndiyo ninayotumia. Wengi wananunua sponji wakidhani inapasha joto. Haipashi. Inachelewesha tu joto lililomo ndani ya maji lisitoroke, na maji yakilala bila kusogea kwenye baridi kali siku mbili, yataganda ndani ya sponji yoyote ile. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichunguza mabomba yanavyoganda, na walichokiona ni kwamba bomba tupu lililo darini, mahali pasipopashwa joto, liko hatarini hewa ya nje ikishuka hadi takriban nyuzi −7. Sponji inakuongezea saa juu ya hapo, na usiku mwingi wa baridi saa hizo zinatosha.

Jambo la kuangalia ni unene wa ukuta wa sponji. Bomba la milimita 15 lina maji machache, linapoa upesi kuliko la 28, kwa hiyo jembamba ndilo linalohitaji sponji nene. Madukani mambo ni kinyume: sponji za bomba jembamba ndizo unazozikuta na ukuta wa milimita 9. Chukua 19 au 25 kama nafasi ipo. Ziba mpasuo wote wa urefu kwa gundi yake au utepe, na usiache elbo, valvu wala sehemu iliyoshikwa na klipu ikiwa tupu. Sentimita tano zilizoachwa wazi zinatosha kwa barafu kuanzia hapo.

Wanaofunga waya wa joto na sponji pamoja, na ndivyo inavyofaa, wasome maelekezo ya waya kwanza. Nyaya nyingi zenye joto lisilobadilika, kama ule ulioniangusha, hazitaki sponji nene juu yake, kwa kuwa joto linakosa pa kutokea.

Nafasi ya tatu: koki ya nje isiyoganda

Kwa bomba la bustani, Woodford wanatengeneza koki ambayo unazungusha mpini nje lakini maji yanafungwa ndani kabisa, sentimita 20 hadi 30 nyuma ya ukuta, kwenye joto. Maji yaliyobaki mbele ya valvu yanamwagika yenyewe. Hakuna umeme, hakuna kihisi cha kudanganyika, na kwa kipimo changu ingeweza kuwa ya kwanza kama ingefaa ndani ya kuta pia. Ifungwe ikiinamia nje kidogo. Na ondoa mpira wa kumwagilia kabla ya baridi: ukiuacha, maji yanashindwa kutoka, yanaganda ndani ya koki, nayo inapasuka kama nyingine yoyote.

Nafasi ya nne: waya wa joto lisilobadilika

Ndio ule ulioniangusha. Ununue ikiwa tu soketi yako iko upande wa baridi, au themostati ina mkia mrefu unaoweza kuipeleka huko. Ibane sawasawa kwenye bomba, chini ya sponji, isining'inie hewani. Waya huu usipishane wala kugusana popote, maana mahali pa kupishana panapata moto kupita kiasi, na nyumba zimeungua kwa sababu hiyo. Usinunue mrefu kuliko bomba ukitegemea kuuzungusha unaobaki, na usiukate kamwe.

Vya bei ya chini: sponji ya kijivu ya milimita 9 na kofia ya koki. Ni bora kuliko bomba tupu. Sina zaidi.

Sasa wauzaji. Kwenye boksi la waya wangu, urefu uliandikwa kwa herufi kubwa pande tatu, pamoja na picha ya bomba lililofunikwa theluji. Habari ya themostati kukaa kwenye sehemu ya baridi zaidi ilikuwa ndani, kwenye karatasi iliyokunjwa mara sita, aya ya tisa. Boksi limefungwa, huwezi kuisoma dukani. Nilipomuuliza muuzaji themostati iko umbali gani kutoka kwenye plagi, alinijibu kwamba nyaya zote ni sawa. Nikarudi baada ya bomba kupasuka, nikaambiwa waya uliokwisha kufungwa haurudishwi. Imeniuma kuliko maji yenyewe, kwa sababu mtu anayeuza kitu cha kulinda nyumba anapaswa kujua kinavyofanya kazi, au akubali kwamba hajui. Na bei hupanda wiki ileile utabiri wa baridi unapotangazwa, watu wanaponunua kwa hofu bila kusoma lolote. Nunua kiangazi, ukiwa na muda wa kuuliza na kukataa.

Ukishaununua, upime kabla ya kuufunga. Kwa waya wenye themostati, jaza glasi maji na barafu nyingi, ubane mfuko mwembamba wa plastiki kuzunguka themostati, uitumbukize, uchomeke plagi kwenye soketi yenye swichi ya usalama ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, usubiri dakika 15. Waya uwe umenyooshwa sakafuni bila kujikunja. Ukiugusa mwisho wake na hauna joto, urudishe ukiwa bado msafi. Kwa waya unaojirekebisha, tumia kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi: ukiutoa ndani na kuuweka penye baridi, wati zinapaswa kupanda.

Umeme ukikatika, hakuna waya utakaokusaidia. Maji yanapoganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, lakini bomba mara nyingi halipasuki pale penye barafu. Linapasuka kati ya barafu na koki iliyofungwa, kwa shinikizo la maji yaliyokosa pa kwenda. Kwa hiyo usiku kama huo fungua koki ya mwisho wa lile bomba la hatari, maji yachuruzike kidogo, au funga valvu kuu na kuyamwaga yote. Kama mabomba yako ni ya plastiki, hakikisha waya umeruhusiwa kwa plastiki, na bandika utepe wa alumini kwa urefu wa bomba chini ya waya ili joto lienee. Mimi nimeufanya hivyo kwenye kona ileile, na kipima joto nimekifunga huko mwisho, mita tatu kutoka kwenye soketi.