Draya ya nywele isiyo na kelele: ipi ya kununua kwa matumizi ya nyumbani

Binti yangu analala chumba kilichopakana na bafu, na mimi huosha nywele usiku kazi zikishaisha. Draya yangu ya zamani ilikuwa ikiwashwa tu, mtoto huyo, keshaamka analia. Ndipo nilipoanza kuzichunguza hizi mashine, nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa nikisoma namba isiyonisaidia kwenye boksi: wati.

Wati zinakwambia draya inakula umeme kiasi gani. Hazisemi itapiga kelele kiasi gani, wala itakausha upesi kiasi gani. Draya ya wati 1,600 yenye mota nzuri inaweza kusukuma upepo mwingi kuliko ya wati 2,200 yenye mota dhaifu, na nywele hukauka kwa upepo, si kwa moto peke yake. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ndani mna mota gani?

Desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, nazo zisome kwa uangalifu. Draya nyingi za kawaida ziko kati ya 80 na 90, wakati mazungumzo ya watu wawili ni kama 60, na kila desibeli 10 zikiongezeka sikio huhisi kelele imekuwa maradufu. Lakini ilipimwa kwa umbali gani? Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili kipimo hushuka kwa desibeli 6 hivi. Mashine ileile ikipimwa kwa mita 1 badala ya sentimita 25 itaandikiwa namba ndogo zaidi kwa desibeli kama 12, na wewe utaishika karibu kabisa na sikio. Boksi lisilotaja umbali halifai kulinganishwa na jingine.

Sasa nizipange.

Ya kwanza kwangu ni draya ya bei ya kati yenye mota isiyo na brashi. Mfano mzuri ni Laifen Swift ya China. Hakuna brashi za kaboni, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwa kugusana na sehemu inayozunguka, za kusuguana ndani, mota ni ndogo na inazunguka hadi mara 110,000 kwa dakika. Kampuni yenyewe inataja desibeli 59. Uzito wake bila waya ni gramu 400 na kidogo, kwa hiyo mkono hauchoki hata ukiwa na nywele nyingi. Naiweka juu kwa sababu unapata utulivu wa mashine ghali kwa sehemu tu ya bei yake.

Ya pili ni Dyson Supersonic, iliyotoka 2016 na kufungua njia kwa hizi nyingine zote. Wahandisi wake waliihamishia mota kwenye mpini, kisha wakaipa feni mapanga 13 badala ya 11 ya kawaida. Fanya hesabu: mizunguko 110,000 kwa dakika ni kama 1,833 kwa sekunde, zidisha kwa 13, unapata mawimbi karibu 23,800 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000 hivi, kwa hiyo ule mluzi mkali upo ila hausikiki kwetu. Naipenda sana kazi hii. Kinachoishusha ni bei tu. Tena angalia volti kabla ya kuagiza kutoka nje, maana iliyotengenezewa volti 120 haifai kwenye soketi ya 230.

Ya tatu ni draya ya saluni yenye mota ya AC, yaani inayotumia umeme wa soketi moja kwa moja, kama zile za Parlux kutoka Italia. Ni nzito na haiko kimya, ila sauti yake ni ya chini, haichomi sikio, na inadumu miaka mingi. Mwenye nywele nzito za kukaushwa kwa chanuo atafurahia nguvu yake.

Ya mwisho ni draya ndogo ya bei rahisi yenye mota ya brashi. Hupiga mluzi, na brashi zikilika ndio mwisho wake. Kama mfuko unaruhusu hiyo tu, chagua yenye swichi mbili, moja ya joto na moja ya kasi, ili upunguze kasi usiku bila kupoteza joto. Iwe na kitufe cha hewa baridi, na kifuniko cha nyuma kinachofunguka.

Hicho kifuniko usikidharau, hata kwenye draya ghali. Dada yangu alikuwa tayari kuitupa yake kwa sababu ilinguruma na kutoa harufu ya kuungua. Tulipokizungusha na kukitoa, wavu ulikuwa umefunikwa na vumbi la kijivu lililoshikamana na nywele, zito kama kipande cha blanketi. Tulichomoa plagi, tukausugua wavu kwa mswaki mkavu, na kelele ikapungua palepale. Wavu ukiziba, mota huvuta hewa kwa taabu, joto na kelele vinapanda pamoja.

Maneno ya matangazo kama ayoni na kauri yasikuongezee bei. Afadhali uombe kuiwasha dukani kwa kasi ya juu kabisa, uishike karibu na sikio kwa dakika nzima, usikilize kama inatetemeka mkononi au ina mluzi, huku ukiongea na muuzaji kwa sauti yako ya kawaida. Asiposikia unachosema, irudishe kwenye boksi.